Rhoda Hakuiba Maharagwe ya Likizo

Rhoda alikuwa amelala juu ya magunia ya maharagwe, mdomo wazi, na mimi nilikuwa nagonga mlango wa stoo na gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa Spring Valley, akisaidia kuchagua rangi ya hema.

Niligonga mpaka mkono ukakataa. Kifua kilikuwa kimebana kama mtu amenikalia. Nikaita, "Fungueni! Rhoda anakufa huku!" Kwa lango la shule kulikuwa na akina mama na watoto wao, wamekuja kuuliza kama chakula cha likizo kitatolewa siku hiyo ama wataambiwa tena warudi. Ndio walionisikia. Mama Shiko, ambaye huuza sukuma wiki hapo Riruta kando ya barabara, aliruka ukuta na sketi yake hivyo hivyo, akachukua jiwe moja la jiko letu, akapiga kufuli mpaka komeo ikang'oka. Walimvuta Rhoda wakamlaza kwa nyasi. Mvua ilikuwa inanyesha. Alitapika, akapumua kidogo, halafu hakupumua tena.

Gunia moja lilipasuka wakati wanamvuta, maharagwe yakamwagika mpaka nje. Shikeni hilo, kwa sababu maharagwe hayo yaliyomwagika ndiyo baadaye yaliitwa ushahidi kwamba mimi na Rhoda tulikuwa wezi.

Sasa turudi nyuma. Nyinyi vijana wa kikundi cha kupikia watoto wakati wa likizo mliniomba niwaandikie mambo ya jikoni, kwa vile mmepata sufuria kubwa na hamjui kuzitawala. Mimi niliishia darasa la sita kule Vihiga, kwa hivyo msitafute hapa Kiswahili cha mtihani. Lakini jiko la shule nimelipikia miaka mingi, mpaka mapafu yaliponiambia basi. Nitawaandikia ya jiko, na nitawaandikia ya Rhoda, na majina nitayataja. Mhariri wenu akiyatoa, nitajua, na nitakuja.

Aliyenifundisha kazi ni Cucu Njoki, cucu ni nyanya kwa Kikuyu, mzaliwa wa hapa hapa Dagoretti, mama wa kupika asiyecheka na mtu. Siku yangu ya kwanza niliongeza maji baridi kwa maharagwe yanayochemka. Alinipokonya mwiko.

"Wewe, nani alikuzaa?"

"Mama Jescah ni... mimi ndiye Jescah, Cucu."

"Jescah, ukimwagia mtu maji baridi akiwa anaoga ya moto, atakuwaje?"

"Atashtuka."

"Ee. Na maharagwe yakishtuka yanakaza ngozi. Utayapika mpaka Yesu arudi, na atayakuta mabichi."

Kwa hivyo andikeni hilo la kwanza: maji ya kuongeza yakae kando ya moto, yawe moto. La pili, maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji ya kulowekea myamwage, msiyapikie, watoto wataumwa na tumbo na walimu watawalaumu kwa harufu darasani. La tatu, githeri, yale mahindi na maharagwe pamoja, ikiwa ya watu wengi haikorogwi kwa mkono, inakorogwa kwa kiuno. Simama miguu imeachana, mwiko uingie mpaka chini, na mwili wote uende nao. Mkikoroga kwa mkono mtapika wiki moja na ya pili mtakuwa mmelala na mafuta ya kuchua.

Na kuna hili ambalo Cucu Njoki hakuniambia, nililiona mwenyewe. Mtoto mwenye njaa ya kweli hali haraka. Anayekula haraka amekosa chai ya asubuhi tu. Yule ambaye hajala tangu jana anakula polepole, anatazama sahani, na mwisho anabakisha. Mkimwona anabakisha msimwambie "maliza, usiharibu chakula." Anabeba. Ana mdogo wake nyumbani. Mpeni karatasi ya kufungia na mgeuze uso.

Wakati shule imefunguliwa, hao watoto tulikuwa nao. Chakula cha mchana kilikuwa hapo, githeri ama wali na dengu, kila siku. Tabu ilikuwa likizo, hasa ile ndefu ya kumaliza mwaka. Shule ikifungwa, sufuria zinaoshwa na kupinduliwa, na kwa watoto wengine hiyo ndiyo mlo kupinduliwa. Mama anaenda kufua nguo za watu Lavington ama Spring Valley, baba anangoja kibarua cha mjengo, mtoto anabaki kwa ploti, kwa chumba cha kukodi, na kifuniko cha sufuria. Nimewaona wakija shuleni katikati ya likizo, wakae kwenye ngazi za jikoni, hakuna anayewapa kitu, wanakaa tu kwa sababu mahali hapo walizoea kushiba.

Ndipo ikaja shughuli ya chakula cha likizo. Kuna shule moja ya wenye nazo huko Spring Valley, jina lake siliandiki kwa sababu watoto wake hawana kosa. Kila muhula wa mwisho, watoto hao walileta chakula kutoka kwao, kikakusanywa kwa maboksi kwenye ukumbi wao, halafu kikaletwa kwetu Riruta kwa lori. Aliyesimamia kule ni Madam Sheila. Kwetu ilisimamiwa na mwalimu mkuu, Mwalimu Wafula, mtu wa magharibi kama mimi na Rhoda, na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bwana Gichuhi, mwenye ploti za kukodisha na agroveti yake, duka la dawa na vyakula vya mifugo, hapo Naivasha Road.

Sitasema ilikuwa mbaya. Mwaka wa kwanza tulicheka sana. Kila mtoto wa huko aliambiwa alete kitu kutoka kabatini, na unajua mtu akiambiwa atoe kitu kabatini anatoa kile ambacho hata yeye kimemshinda. Tulipata makopo ya zeituni. Rhoda akaonja moja, akafunga macho.

"Hizi ni zabibu zimelilia ndani," akasema.

"Tutazifanyia nini?"

"Tuwape walimu."

Tukawapa walimu. Tulipata konfleksi boksi kwa boksi na hakuna maziwa. Tulipata rangi za keki, za kuandikia jina la mtu. Na siku ya kupanga makopo, mama mmoja aliyekuja kutusaidia alishika kopo la mahindi matamu akaligeuza, akalitazama kitako. "Hii naijua," akasema. "Nimeipanguza vumbi kwa kabati ya tajiri wangu mwaka mzima. Leo imenifuata nyumbani." Tulicheka mpaka Rhoda akakaa chini.

Rhoda alikuwa hivyo. Alitoka Bunyore, mnene kidogo, mcheshi, mjane mwenye binti mmoja, Faith. Tulipika pamoja, tukagawana sabuni, tukaimba kwaya moja. Kwa kuchambua maharagwe hakuwa na mpinzani, vidole vilikuwa vinaona. Aliweza kuwa anakueleza habari za jirani huku macho yake yako kwako na vidole vinatupa jiwe, vinatupa jiwe.

Baada ya mwaka huo wa zeituni, Madam Sheila alisikia, akaomba wazazi walete nafaka. Hapo akafanya jambo zuri, namwachia. Maharagwe yakaanza kuja kwa magunia, na mchele, na unga. Lakini nafaka ilipokuja ikaleta heshima, na heshima ikaleta mgeni wa heshima.

Hili ndilo nataka mlisikie vizuri, kwa sababu hata nyinyi mtaletewa. Kuna desturi hapa kwetu kwamba chakula hakijatolewa mpaka kikabidhiwe. Kinaweza kuwa kimefika, kiko stoo, mtoto anakiona kwa mwanya wa mlango, lakini hakijakabidhiwa. Lazima hema, lazima viti vyenye kitambaa, lazima mtu mkubwa ashike gunia upande mmoja na mtoto ashike upande mwingine, wote watazame kamera. Mtoto mwenyewe anachaguliwa, asiwe mchafu sana, asiwe msafi sana.

Mwaka huo aliokufa Rhoda, magunia yalifika wiki ile ile shule zilipofungwa. Mgeni alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya mabati. Siku ya kukabidhi ikapangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, hema halikupatikana la rangi ya shule yao. Ikaahirishwa. Akina mama walikuja kwa lango, wakaambiwa "wiki ijayo." Mimi nilimwendea Mwalimu Wafula ofisini.

"Mwalimu, tufungue hata gunia moja tupikie hawa waliokaa kwa ngazi."

"Jescah, hiyo chakula bado si yetu."

"Ni ya nani?"

"Ni ya Spring Valley mpaka ikabidhiwe. Ikipungua hata kidogo na Madam ahesabu magunia, mimi nitasema nini?"

"Useme watoto wamekula."

Akacheka, akaniambia nina mdomo. Nilikuja kujua baadaye kwamba yule mkurugenzi hakuwa anajua kuna mtu anamngoja. Angekuja siku yoyote, ama asingekuja kabisa, kwake ilikuwa sawa. Huyo simlaumu. Aliyengoja hema ni Madam Sheila.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza. Stoo yetu ilikuwa chumba cha mawe chenye paa la bati, mlango mmoja, na matundu madogo ya hewa juu ukutani. Unyevu ukaingia, na fukusi wakaingia kwa maharagwe. Rhoda ndiye aliyewaona, akaonyesha Mwalimu Wafula wale wadudu wanatembea kwa mkono wake. Mwalimu akampigia Bwana Gichuhi, kwa kuwa ndiye mwenye agroveti. Hapo sisi tuliambiwa twende nyumbani, tutaitwa.

Tuliitwa kabla wiki haijaisha. Madam Sheila alikuwa amepata wazo jipya, kwamba maharagwe yasikabidhiwe kwa gunia, yatiwe kwa mifuko midogo ya kuonekana ndani, kila mfuko na utepe, ipendeze kwenye picha. Kwa hivyo yachambuliwe yote, fukusi na takataka zitoke, halafu tupakie.

Na sasa niwaambie juu ya kufuli. Bwana Gichuhi alikuwa ameleta sheria kwamba wapishi wakichambua nafaka ya msaada, wanafungiwa ndani. Wakimaliza, anayefungua anawapekua mifuko na leso. Mwanzo tulikataa. Akatuambia mbele ya kamati nzima, "Mpishi ni kama paka. Umpende, lakini usimwachie samaki." Kamati ikacheka. Rhoda akamjibu, "Na mwenyekiti ni kama nini?" Hakuna aliyecheka hapo. Lakini kazi ilikuwa moja na watoto tulikuwa nao, tukakubali kufungiwa. Tulizoea. Mtu anaweza kuzoea kitu chochote akifanyiwa mara nyingi huku anaitwa kwa jina lake la ubatizo.

Asubuhi hiyo Mwalimu Wafula alitufungulia, akasimama mlangoni, hakuingia. Hilo nalikumbuka, hakuingia. Akasema, "Fanyeni haraka, nakimbia Spring Valley kwa mkutano wa hema." Tukaingia, akafunga, tukasikia kufuli.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa. Karatasi za nailoni, zimebandikwa na ile gundi ya kahawia ya utepe pande zote. Nikasema, "Wameziba mvua isiingie." Rhoda akasema, "Wangeziba paa kwanza." Kitu cha pili kilikuwa harufu. Stoo ilikuwa inanukia kitunguu saumu.

"Nani alipika pilau humu bila sisi?" Rhoda akauliza.

"Labda Madam ameleta viungo."

Tukatafuta hata hicho kitunguu saumu, tukiinua magunia, tukicheka. Hakikuwako. Mkisahau mengine yote, hili msisahau. Stoo ya nafaka ikinukia kitunguu saumu ama samaki aliyeoza, na hakuna kitunguu wala samaki, tokeni, msirudi mpaka mjue nani ameweka nini. Ile tembe ya kuua wadudu wa nafaka ikipata unyevu inatoa hewa, na hewa hiyo haichagui fukusi na mtu. Inakaa chini. Rhoda alienda kukaa kule ndani kabisa, chini, katikati ya magunia, kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua na alitaka mahali pa kuegemea. Mimi nilikaa kwa kiti karibu na mlango, ambapo kulikuwa na mwanya wa mwangaza. Hiyo ndiyo tofauti ya mimi kuandika haya na yeye kutoandika.

Tulichambua. Kichwa kikaanza kuniuma, nikafikiri ni njaa. Rhoda akasema kifua kinamchoma, amekula mandazi ya jana. Baadaye akaacha kuongea. Rhoda kuacha kuongea! Nikageuka nikamwona ameinamia uteo wake wa kuchambulia. Nikamwita. Nikainuka kumshika, miguu yangu ikawa si yangu. Mengine nimeshayaandika pale juu.

Mama Shiko na wenzake walitubeba sote wawili kwa pikap ya mtu wa makaa. Mimi nililazwa. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliniuliza kama kulikuwa na dawa ya nafaka mahali tulipokuwa. Nikamwambia hatujaambiwa. Akaniuliza juu ya harufu. Nilipomwambia kitunguu saumu aliacha kuandika, akanitazama. "Mama," akasema, "wewe umeponea mlangoni."

Nikiwa bado kitandani, hadithi nyingine ilikuwa inatembea Riruta. Bwana Gichuhi aliita kamati. Akawaambia wapishi walikula maharagwe mabichi ya msaada waliyokuwa wanaiba, yakawadhuru, na wenzao wakavunja mlango kuwasaidia kutoroka nayo. Si mlango umevunjika? Si maharagwe yamemwagika mpaka nje? Mwalimu Wafula alikuwako. Alijua aliyefunga ile kufuli, alijua karatasi za nailoni zilibandikwa na nani, na alinyamaza. Waliomwokoa mtu wakawa washirika wa wizi. Mama Shiko aliitwa na kuulizwa alipeleka wapi gunia.

"Nilipeleka kwa nyasi," akawaambia. "Lilikuwa linaitwa Rhoda."

Kamati ilimnunulia Rhoda jeneza na kukodi gari la kumpeleka Bunyore, na watu wakasema kamati ina roho nzuri. Alizikwa kabla sijatoka hospitali.

Na siku ya kukabidhi ikafika! Hema lilipatikana. Walitoa ile nailoni kwenye matundu, wakaacha mlango wazi siku kadhaa, wakaleta vijana wengine kufunga tepe. Mimi sikuwako, aliyekwenda ni Cucu Njoki, akiwa ameshastaafu, na fimbo yake. Alinihadithia mwenyewe. Mkurugenzi alishika mfuko, mtoto akashika mfuko, kamera ikapiga. Madam Sheila akahutubia kwamba hakuna mtoto atakayelala njaa likizo hii, na likizo ilikuwa imebaki kipande. Bwana Gichuhi akawashukuru wote waliofanikisha siku hiyo, akitaja hata aliyekodisha viti. Cucu Njoki akasimama.

"Mwenyekiti, umesahau mmoja."

"Cucu, maswali ni mwisho wa programu."

"Siulizi. Nakukumbusha. Rhoda yuko wapi?"

Mtu wa muziki akaambiwa aweke wimbo. Cucu akaendelea kusimama wimbo wote. Madam Sheila akamwinamia mwalimu mkuu akamuuliza kwa sikio, Cucu akasikia kwa sababu masikio yake ni mazima kuliko magoti, "Rhoda ni nani?" Na Mwalimu Wafula akamjibu, "Ni mambo ya ndani, Madam." Akaridhika. Mwanamke aliyeagiza tepe na kuchelewesha chakula akaridhika na hilo, akatazama kamera.

Nilipopata nguvu ya kutembea nilimfuata Bwana Gichuhi kwa agroveti yake. Alikuwa anauza chakula cha kuku.

"Jescah! Umepata nafuu? Mungu ni mwema."

"Ni mwema. Bwana Gichuhi, uliweka dawa gani kwa maharagwe?"

"Dawa ya kawaida. Kila mkulima anatumia."

"Mkulima anatumia na watu ndani?"

"Mimi nilimwambia Wafula hiyo stoo isiguswe mpaka nimwambie. Muulize Wafula."

"Ulimwambia inaua mtu?"

Akampa mteja chenji kwanza. "Jescah, wewe ulipona. Kwa nini usishukuru ukaishi?"

"Nimeshukuru. Na kwa nini ulisema Rhoda ni mwizi?"

"Sikusema mwizi. Nilisema inaonekana hivyo."

Nikaenda kwa Wafula. Huyu alilia. Akanifungia mlango wa ofisi, akaongea na mimi kwa lugha ya kwetu, akaniita dada. Akasema Gichuhi alimwambia kuna dawa kidogo mle ndani, hakumwambia ni ya hewa, yeye alifikiri ni kama ya panya. Nikamuuliza, kama ulifikiri ni ya panya mbona hukutuambia hata hiyo ya panya? Mbona ulisimama mlangoni hukuingia? Akasema nimwonee huruma, amebakiza kidogo astaafu. Nikamwambia Rhoda pia alikuwa amebakiza.

Nilienda mpaka mjini, katikati, kwenye ofisi moja ya kupokea malalamiko, na kadi ya hospitali mkononi. Ghorofa ya juu nikatumwa ya chini, ya chini nikatumwa ya juu, na ngazi kwa mapafu haya si mchezo. Mwishowe dada mmoja wa mapokezi akaniketisha, akanipa maji, akaniambia ukweli: "Mathe, hapa watasema ni ajali. Hiyo ndio neno yao. Labda mtu wa hiyo shule mwenyewe aseme ukweli." Nilimshukuru. Ndiye mtu wa pekee mjini aliyeniambia kitu chenye maana.

Sasa mnajua kwa nini sikurudi jikoni. Pumzi imekatika, siwezi kukoroga kwa kiuno wala kwa mkono. Nafundisha kwa mdomo tu, kama hivi. Kwa hivyo shikeni haya. Chakula cha mtoto kikifika, kipikwe siku hiyo. Mgeni wa heshima akitaka picha, apige picha ya watoto wakila, akichelewa apige ya sahani tupu, hiyo pia ni picha. Gunia likiletwa, ulizeni kwa sauti, mbele ya watu, limewekwa nini, lini, na nani, na msiguse mpaka mtu mwenye jina ajibu. Matundu ya hewa yakizibwa, zibueni kwanza, muulize baadaye. Na mtu akiwaambia lazima mfungiwe ndani mkichambua kwa sababu mpishi ni paka, vueni aproni mumpe avae yeye.

Watoto mtaendelea kuwapikia. Nasema hivyo ingawa nina uchungu, kwa sababu mtoto aliyekaa kwa ngazi hakufunga kufuli ya mtu. Mwaka uliofuata wale wale wa Spring Valley walituma tena maharagwe, mazuri, bila wadudu, na yalipikwa, na yaliliwa. Faith, binti ya Rhoda, alikuwa kwa foleni na sahani yake. Anaishi na Mama Shiko siku hizi. Mtoto mwenzake akamwambia, "Wewe si ungekula yale mamako alibeba?" Faith akatoka kwa foleni, na tangu siku hiyo hajakubali kula chakula cha likizo, hata siku ambayo hakuna kingine nyumbani. Mama Shiko amembembeleza, mimi nimembembeleza. Anasema, "Sitaki waseme nimeiba pia."

Basi swali langu si la vijana tena. Bwana Gichuhi, wewe ndiye uliyeweka tembe na kuziba matundu. Mwalimu Wafula, wewe ndiye uliyefunga kufuli ukaenda na ufunguo. Madam Sheila, wewe ndiye uliyengoja hema na kuagiza tepe, na hujawahi kuuliza mara ya pili Rhoda ni nani. Sitaki jeneza lingine kutoka kwenu na sitaki kuitwa dada ofisini mlango umefungwa. Likizo inakuja, mtaweka hema tena, na kipaza sauti mtakuwa nacho. Faith nitamleta mimi mwenyewe, nimkalishe kiti cha mbele. Mmoja wenu asimame, nani kati yenu sijui, amueni wenyewe, amtazame huyo mtoto machoni, amwambie mbele ya foleni nzima kwamba mama yake hakuiba, na amwambie ni nani aliyemuua.